Kandanda si mali ya wenye dishi pekee

Mwezi wa Agosti ufikapo na ligi kuu ya Uingereza kuanza msimu mpya, vitongoji vya bara hapa Mombasa hubadilika sura. Kuanzia Mtopanga na Mlaleo huko Kisauni, hadi Mtongwe na Shika Adabu upande wa Likoni, hadi Magongo na Chaani katika Changamwe, mbao nyeusi huegemezwa milangoni pa vibanda vya video. Juu yake huandikwa kwa chaki majina ya timu, saa ya mechi na kiingilio: shilingi ishirini, thelathini, pengine hamsini iwapo wanaokutana ni mahasimu wakubwa. Lakini msimu haufiki mbali kabla ya kusikika habari nyingine, nayo ni ya vibanda hivyo kufungwa. Mara ni chifu aliyewakuta watoto wa shule ndani, mara ni askari wanaozungumzia usalama, mara ni maajenti wa kampuni ya televisheni ya kulipia waliofuatana na polisi kuchukua ving'amuzi, kwa kuwa mwenye kibanda alilipia huduma ya nyumbani akaigeuza biashara.

Mimi ni mwalimu wa miaka mingi katika bara hizi, na katika vyumba vya walimu nimesikia habari za namna hii zikipokewa kwa furaha. "Afadhali!" husema wenzangu, na kurejea kusahihisha madaftari. Furaha hiyo sishirikiani nao. Naona kwamba tumeyachanganya mambo matatu yasiyofanana, yaani haki ya mwenye mali, usalama wa raia na malezi ya mtoto, tukayatilia dawa moja tu ya kufunga mlango. Na mlango unaofungwa daima ni wa yule asiye na uwezo wa kuwa na mwingine.

Yafaa kwanza tuelewe sheria inasema nini, maana wengi wetu huitetea au kuilaani bila kuijua. Mkataba wa Roma wa mwaka wa 1961, unaohusu haki za wasanii, watayarishaji wa sahani za santuri na mashirika ya utangazaji, uliyapa mashirika hayo uwezo wa kuzuia matangazo yao ya televisheni yasionyeshwe hadharani mahali ambapo watu hutozwa kiingilio. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 ilipotungwa, ilifuata njia hiyohiyo: kipimo kikawa ni kiingilio. Mtu akiweka televisheni mahali pa watu wengi bila ya kutoza cha mlangoni, hilo ni jambo moja; akiketi mlangoni na mkebe wa sarafu, ni jambo jingine.

Katika karatasi, kipimo hicho chaonekana cha haki. Nani atamkubalia mtu avune shamba asilolilima? Lakini kitazame kikitua chini, katika barabara zetu. Kando ya barabara kuu ya Malindi ipo baa yenye kioo kipana kama mlango wa gereji. Haitozi kiingilio. Hutoza bia, hutoza nyama choma, na siku ya mechi hutoza zaidi. Hatua mia mbili nyuma yake, uchochoroni, kipo kibanda cha mabati chenye mabenchi, ambacho hakiuzi kitu chochote isipokuwa mechi yenyewe, kwa shilingi ishirini. Huyu wa pili ndiye mwenye kiingilio, na ndiye mhalifu. Ni kweli kwamba mkataba wa king'amuzi humbana hata mwenye baa, naye hutakiwa kulipa ada ya biashara badala ya ada ya nyumbani. Ila mwenye baa aweza kuilipa ada hiyo, akaificha ndani ya bei ya chupa. Mwenye kibanda hana chupa ya kuifichia. Huu ni wavu wa ajabu, unaonasa dagaa na kupitisha papa.

Tena kuna jambo ambalo mtungaji wa sheria Nairobi huenda asilione kwa urahisi, ila sisi wa Pwani twaliona kila siku. Katika Kisauni na Likoni wakazi wengi ni Waislamu. Kijana aliyelelewa vyema katika nyumba ya Kiislamu, akaambiwa kwamba mpira utaonekana baani tu, ameambiwa achague baina ya mpira na maadili ya wazazi wake. Kibanda cha video, pamoja na joto lake na makelele yake, hakina pombe. Kwa familia nyingi ndipo mahali pa pekee nje ya nyumba ambapo kijana anaweza kutazama mechi kubwa pasipo kuketi karibu na chupa. Anayetaka kuvifunga vibanda kwa jina la maadili na atueleze kwanza vijana hao atawapeleka wapi saa hiyo. Aseme asivuke feri, maana mechi ikimalizika usiku wa manane, safari ya kutoka kisiwani kurudi Likoni si mchezo.

Wala asidhani mtu kwamba ugomvi huu ni wa watu maskini wa Afrika peke yao. Mwezi wa Februari mwaka wa 2007, kanisa moja la Kibaptisti mjini Indianapolis, Marekani, lilitaka kuwakusanya waumini walitazame pambano la mwisho la ligi ya kandanda ya Kimarekani, lile waliitalo Super Bowl. Timu ya mji wao ndiyo iliyokuwa ikicheza. Kanisa lilikusudia kuonyesha mchezo ukutani na kuchanga dola chache za vitafunio. Ligi ikaandika barua ya kukataza. Ilipinga mchango, ikapinga hata ukubwa wa picha, kwa kuwa sheria ya huko hutaja kioo cha inchi 55 kuwa mpaka. Wakati huohuo mabaa nchini kote yalikuwa yakionyesha mchezo huo kwenye vioo vikubwa zaidi, kwa kuwa ligi haikuwa na neno na mabaa ya michezo. Watu walikasirika, seneta mmoja akaandaa mswada wa kuyatetea makanisa, na mwaka wa 2008 ligi ikalegeza kamba. Nalitaja jambo hili kwa sababu lina sura ileile ya uchochoro wetu: baa ruhusa, kanisa marufuku.

Uingereza kwenyewe, chimbuko la ligi hii inayotutoa jasho, mama mmoja mwenye baa mjini Portsmouth, Karen Murphy, alishtakiwa kwa kutumia kadi ya king'amuzi cha Ugiriki ili aonyeshe mechi kwa gharama nafuu. Hakukubali. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya iliyoko Luxembourg, nayo ikatoa uamuzi tarehe 4 Oktoba 2011. Uamuzi huo wafaa kusomwa na kila mwanafunzi anayekusudia kuwa wakili. Mahakama ilisema kwamba mechi ya mpira, kwa vile hufungwa na kanuni za mchezo, haiwezi kuhesabiwa kuwa utungo wa mtu kama ulivyo wimbo au riwaya. Mali ya ligi ni vile vitu vinavyotiwa juu yake: wimbo wa ufunguzi, nembo, michoro, picha zilizorekodiwa za mabao ya zamani. Kuvionyesha hivyo baani kulihitaji idhini. Lakini kuwazuia watu wa nchi moja ya Ulaya wasinunue king'amuzi cha nchi nyingine kulikuwa kinyume cha soko huru. Mwaka uliofuata hukumu ya mama yule ilifutwa. Kumbe basi, hata huko, umiliki wa mchezo si jambo lililonyooka kama mstari wa goli.

Na hapo hapo Uingereza pana kioja kingine. Tangu miaka ya 1960 ipo kanuni kwamba mechi zinazochezwa Jumamosi saa tisa alasiri kwa saa zao zisionyeshwe moja kwa moja katika televisheni za nchi hiyo, ili klabu ndogo zisikose watazamaji viwanjani. Maana yake ni kwamba kuli wa Kilindini anayeishi Chaani aweza kuiona mechi ambayo mwenyeji wa Manchester, iwapo hana tikiti, haruhusiwi kuiona katika televisheni yake! Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu walieleze jambo hili kwa mtazamo wa somo la biashara. Majibu yao yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Mmoja alisema kwamba sisi hatuna kiwanja cha Manchester cha kukitia hasara, ndiyo maana tunauziwa.

Saa hizo za Uingereza ndizo zinazotuletea sisi walimu taabu yetu, nami siwezi kuikana. Mechi ya Jumamosi huanza kwetu saa kumi na moja jioni wakati wa kiangazi chao. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi, wao wanaporudisha saa nyuma, huanza saa kumi na mbili, na sala ya magharibi huangukia kipindi cha kwanza. Hilo lavumilika. Kisichovumilika ni zile mechi za klabu bingwa za Ulaya za katikati ya wiki, ambazo huanza saa nne usiku, na wakati wa baridi yao saa tano. Mtoto aliyetazama hadi filimbi ya mwisho hufika kwao saa saba usiku, na asubuhi anatarajiwa afahamu hesabu za pembetatu. Nimewaona darasani siku ya Alhamisi. Macho wazi, akili imelala.

Kwa hiyo wenzangu wanapolalamika, wana haki ya kulalamika. Hasira yao ndiyo inayokwenda pasipo pake. Ili kibanda cha video kifanye kazi kihalali, mwenyewe huhitaji leseni ya biashara ya kaunti na ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Leseni ni kamba. Anayeishika aweza kuikaza bila ya kumnyonga aliyefungwa. Iandikwe ndani yake kwamba mtoto asiingie saa za masomo, kwamba baada ya saa tatu usiku asiwemo aliye chini ya miaka 18, na kwamba anayekiuka atanyang'anywa leseni. Kisha kanuni hiyo isimamiwe na chifu pamoja na wazee wa mtaa na wawakilishi wa wazazi. Mwenye kibanda mwenye leseni ana kitu cha kupoteza, kwa hiyo atamfukuza mtoto mwenyewe. Yule asiye na leseni, anayejificha, hana cha kupoteza. Tukivifunga vyote tutakuwa tumebaki na hao wa kujificha, na watoto wetu wakiwa ndani yao.

Kuna pia suala la kamari, ambalo naliona baya kuliko usiku wa manane. Simu zimeifanya kila mechi kuwa karata. Lakini kamari hiyo imo mfukoni mwa kijana hata akiwa msalani. Kibanda hakikuileta wala kufungwa kwake hakutaiondoa.

Nije kwenye usalama, neno ambalo likishatamkwa watu hunyamaza. Tarehe 11 Julai 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka mjini Kampala katika klabu ya raga ya Kyadondo na katika mkahawa mmoja wa Kabalagala. Zaidi ya watu 70 waliokuwa wamekusanyika kutazama mpira walikufa. Miaka minne baadaye, tarehe 15 Juni 2014, wauaji waliingia Mpeketoni, kaunti ya Lamu, usiku ambapo watu walikuwa wakitazama mechi za Kombe la Dunia. Pwani haijasahau. Hofu ya askari si ya kubuni, na mkusanyiko wa watu mia katika kibanda chenye mlango mmoja ni hatari hata pasipo adui. Moto mdogo wa nyaya watosha.

Hata hivyo, tuyasome matukio hayo vizuri. Huko Mpeketoni watu waliuawa barabarani na majumbani pia, si penye televisheni peke yake. Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ilipochunguza, ilikosoa jinsi polisi walivyoitikia. Somo lililopatikana hapo linahusu polisi kuliko televisheni. Kisauni nayo imeteswa kwa vipindi na magenge ya vijana wenye mapanga. Nijuavyo mimi, mahali ambapo mwenye mahali anawajua vijana wote kwa majina, anajua nani ametoweka mtaani wiki mbili na nani amerejea na fedha zisizoelezeka, ni mahali pa kutunzwa. Mlango wa pili na ndoo za mchanga ni masharti ya haki. Kufuli si sharti.

Wapo pia wanaodai kwamba vibanda vimeua kandanda yetu wenyewe. Hoja hii hunichosha. Ni kweli kwamba Mombasa ilikuwa na timu ya kuogopwa. Feisal ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka wa 1965, wakati ambapo hapakuwa na dishi hata moja juu ya paa. Tulikuwa hata na Liverpool yetu wenyewe, hapa hapa Mombasa. Lakini vibanda havikuufunga uwanja wa Manispaa kwa ukarabati uliodumu miaka na miaka, wala si vibanda vilivyonyakua viwanja vya shule. Ligi yetu ilipoonyeshwa na SuperSport hadi mwaka wa 2017, vijana waliitazama. Runinga ilipoondoka, ikawalazimu kutazama cha wengine. Mtu hushabikia anachokiona.

Sasa nirudi kwa mwenye mali, maana hatimaye yeye ndiye mwenye ufunguo. Haki za kuonyesha ligi ya Uingereza huuzwa kwa mamilioni, na aliyenunua ana haki ya kupata faida. Sitetei wizi. Ninachouliza ni kwa nini hapana leseni ya kibanda. Ipo ada ya nyumbani, ipo ya baa na hoteli. Katikati pametupu, na ndimo wanamoishi watu wa Magongo na Bofu. Tuliwahi kuonja ushindani. Kampuni ya GTV ilipozinyakua nyingi za haki hizo mwaka wa 2007 na kuuza kwa bei ya chini, wengi walihamia kwake. Mwezi wa Januari 2009 ikaanguka ghafla, wateja wakaachwa na dishi za kuanikia nguo. Tangu hapo mnunuzi mkubwa amebaki yuleyule, MultiChoice, ambayo mwaka wa 2025 ilinunuliwa na Canal+ ya Ufaransa. Mwenye nyumba anapobadilika, mpangaji hupata nafasi ya kuzungumza upya. Halmashauri ya Hakimiliki, KECOBO, ambayo hufika upesi pakiwa na king'amuzi cha kuchukuliwa, ingekuwa na kazi ya heshima zaidi kama ingewaita wenye vibanda wa Kisauni, Likoni na Changamwe wakae meza moja na kampuni, waafikiane ada inayokwenda na idadi ya viti.

Kwa wakuu wa shule, nina ombi ambalo huenda likawaudhi. Shule nyingi za bara zina bwalo linalokaa tupu Jumamosi jioni. Mechi inayoonyeshwa bure na KBC, kwa mfano ya timu yetu ya taifa, haina sababu ya kutazamwa na wanafunzi wetu kwingine kokote. Bila ya kiingilio, mwalimu mmoja zamu, taa zinawaka, saa mbili usiku wote wako makwao. Baada ya hapo Jumatatu mwalimu wa Kiswahili ana ripoti ya mechi ya kuandikisha, wa jiografia ana tofauti ya saa za dunia ya kueleza, na wa historia ana la kusema juu ya namna mchezo huu ulivyofika bandarini kwetu. Mwalimu asemaye kwamba kazi hiyo haimo katika mtaala, nampa heshima yake, ila nadhani amechoka tu.

Nanyi wanafunzi, msiisome makala hii kama ruhusa. Usiku wa katikati ya wiki ni wa kulala. Lakini mkiwa na mjadala shuleni, ulizeni swali hili la hesabu. Kibanda chenye viti arobaini, kikijaa kwa shilingi ishirini, hukusanya shilingi mia nane. Toeni kodi ya banda, toeni umeme, toeni leseni ya kaunti na ya bodi, toeni chakula cha mtu anayeketi mlangoni. Kampuni inapodai kwamba imeibiwa, na itaje hadharani ni sehemu gani ya kilichobaki inayoitaka, ili mwenye kibanda aseme iwapo anaweza kuilipa au la.